Mshenga ndani ya seli: Kwa nini mgonjwa wa CML asiruke kidonge hata akijisikia mzima

“Daktari, tumbo limeshuka, jasho la usiku limeisha, na shambani nimerudi. Hivi vidonge bado ninameza vya nini?”

Swali hili nimelisikia mara nyingi, kwa maneno tofauti, kutoka kwa wagonjwa wa saratani ya damu inayoitwa CML. Ni swali la haki. Tumezoea kwamba dawa ya malaria ni ya siku tatu, antibiotiki ni ya siku tano au saba, na ukimaliza dozi umepona. Mtu anayeambiwa ameze kidonge kila siku kwa miaka, huku anajiona mzima, anastahili kuelezwa sababu. Kumwambia tu “fuata masharti” hakutoshi.

Sababu yenyewe imejificha ndani ya seli, na mhusika mmoja muhimu ni protini ndogo inayoitwa GRB2. Si lazima ulikariri jina hilo. Lakini ukiielewa kazi yake, utaelewa ugonjwa huu unaanzaje, dawa inafanya nini, na kwa nini vidonge vitatu vilivyosahaulika kwa mwezi si jambo dogo.

Seli hungoja kuagizwa

Mwili wa mtu mzima una matrilioni ya seli, na seli yenye afya haigawanyiki inapojisikia. Hungoja kuagizwa. Mtoto akianguka na kuchubuka goti, seli za ngozi zilizo kando ya kidonda hupata ujumbe kwamba kuna pengo la kuzibwa. Zinagawanyika, kidonda kinafunga, kisha zinatulia. Ukipoteza damu nyingi, uboho ulio ndani ya mifupa hupata ujumbe wa kutengeneza seli nyingine za damu. Hivyo ndivyo tunavyokua na hivyo ndivyo tunavyopona.

Ujumbe huo huletwa na kemikali zinazoitwa vichochezi vya ukuaji. Vichochezi vingi haviingii ndani ya seli. Hugonga mlangoni tu. Juu ya utando wa seli kuna vipokezi vyenye upande mmoja nje na upande mwingine ndani. Kichochezi kikishika upande wa nje, upande wa ndani hubandikwa alama ndogo za fosfeti. Zichukulie alama hizo kama muhuri juu ya barua: zinathibitisha kwamba agizo limepokelewa.

Hata hivyo, muhuri peke yake haufanyi kazi. Swichi inayoanzisha ukuaji ni protini nyingine, RAS, iliyojishikiza upande wa ndani wa utando. Anayejua kuiwasha RAS ni protini ya tatu, SOS, ambayo huzunguka ndani ya seli mbali na utando. Muhuri uko mlangoni, swichi ipo, mwashaji yuko mbali. Nani atawakutanisha?

Haoi wala haozi

Kwetu kijana hapeleki posa mwenyewe. Hutumwa mshenga. Mshenga haoi wala haozi, lakini bila yeye pande mbili hazikutani. Hiyo ndiyo kazi ya GRB2 ndani ya seli.

GRB2 si kimeng’enya. Haikati kitu wala haiwashi kitu. Ina mikono mitatu tu. Mkono wa katikati umeumbwa kushika muhuri wa fosfeti, na mikono miwili ya pembeni hushika SOS. Muhuri ukionekana mlangoni, GRB2 huenda kuushika huku imemshika SOS mkononi. SOS akishafika kwenye utando, anakutana na RAS na kuiwasha. Kutoka hapo ujumbe hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini cha seli, na seli inagawanyika. Kazi ikiisha, muhuri huondolewa, GRB2 huachia, RAS huzimika.

Wanasayansi huziita protini za namna hii protini adapta, kwa maana ileile ya adapta tunayonunua dukani plagi ya pini tatu inapokataa kuingia kwenye soketi ya pini mbili. Adapta haizalishi umeme. Huunganisha tu, na bila kuunganisha taa haiwaki.

GRB2 ya binadamu ilielezwa na watafiti nchini Marekani mwaka 1992. Mwaka huohuo watafiti wengine walieleza protini inayofanana nayo sana katika mnyoo mdogo wa udongoni, na waliona kwamba ikiwa na kasoro, mnyoo hushindwa kutengeneza njia ya kutagia mayai. Baadaye ikapatikana katika nzi wa matunda pia. Mwaka 1998 ilionekana kwamba panya wasio na GRB2 kabisa hufa wakiwa bado viinitete tumboni. Kwa hiyo mshenga huyu si adui. Sote tuliumbwa tumboni mwa mama zetu kwa msaada wake.

Agizo la kughushi

Tatizo linaanza pale agizo linapoghushiwa.

Kila seli ya kawaida ina kromosomu 46, ambazo ndizo vifurushi vya jeni zetu. Mwaka 1960 watafiti wawili wa mji wa Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kwamba wagonjwa wa CML wana kromosomu moja fupi isiyo ya kawaida katika seli zao za damu. Ikaitwa kromosomu ya Philadelphia, jina linalotumika mpaka leo. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha ilivyotokea: kromosomu namba 9 na namba 22 zimekatika na kubadilishana vipande.

Katika kubadilishana huko, jeni iitwayo ABL kutoka kromosomu 9 hujikuta imeunganishwa na jeni BCR ya kromosomu 22. Mbili zinakuwa moja, na seli inaanza kutengeneza protini ambayo haikuwapo kabla: BCR-ABL. ABL ya kawaida ni mpiga muhuri anayefanya kazi kwa zamu na kupumzika. BCR-ABL haipumziki. Hupiga muhuri usiku na mchana bila kichochezi chochote kugonga mlangoni.

Tena hujipiga muhuri yenyewe. Katika sehemu yake ya BCR, kwenye nafasi ya 177, kuna mahali ambapo pakibandikwa fosfeti panakuwa na umbo lilelile ambalo mkono wa GRB2 umezoea kulishika. Mshenga anaona muhuri halali, hajui kwamba barua imeghushiwa. Anamleta SOS, RAS inawashwa, seli inagawanyika. Kesho tena, na keshokutwa tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha uzito wa kiungo hiki: nafasi hiyo ya 177 ikibadilishwa ili GRB2 ikose pa kushika, BCR-ABL hushindwa kuiwasha RAS kama kawaida yake, na nguvu yake ya kugeuza seli kuwa za saratani hupungua sana. Si njia pekee ambayo BCR-ABL huitumia, lakini ni mojawapo ya zile kubwa.

Wazazi na wanandoa huniuliza kama ugonjwa huu ni wa kurithi. Hapana. Mabadiliko haya hutokea katika seli shina moja ya uboho baada ya mtu kuzaliwa. Hayatoki kwa baba wala mama, na mgonjwa hayarithishi kwa watoto wake. Hauambukizi kwa kula pamoja, kulala pamoja wala kunyonyesha. Mionzi mikali, kama ile ya mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Japani, inajulikana kuongeza hatari, lakini kwa wagonjwa walio wengi hakuna kosa lolote walilotenda. Hakuna aliyemroga mtu kwa kromosomu.

Dalili zinazodhaniwa ni malaria

CML si ugonjwa wa kawaida sana. Kwa mwaka hupata mtu mmoja au wawili katika kila watu 100,000. Katika nchi za Magharibi wengi wao ni wazee, lakini huku Afrika tunawaona wakiwa na umri mdogo zaidi, wengi wakiwa katika miaka ya 30 na 40, watu wenye watoto shuleni na familia nyuma yao.

Huja polepole. Mgonjwa huchoka bila kazi, hupungua uzito, hutoka jasho jingi usiku. Akila kidogo anashiba, kwa sababu wengu, wengine huita bandama, umevimba upande wa kushoto na kulibana tumbo la chakula. Wengine huhisi kitu kigumu kinachoshuka kutoka chini ya mbavu hadi kitovuni. Kwa wanaume wachache, dalili ya kwanza ni uume kusimama kwa saa nyingi na kwa maumivu bila hamu yoyote. Hiyo ni dharura, isionewe aibu.

Kwa kuwa malaria, kichocho na selimundu pia huweza kuvimbisha wengu, wagonjwa wengi hutibiwa malaria na taifodi mara kadhaa kabla ya kupimwa damu kikamilifu. Wengine hufika hospitalini tumbo likiwa na alama za chale. Naomba nieleweke: wengu uliovimba usikandwe wala usichanjwe. Unaweza kupasuka, na mgonjwa akavuja damu ndani kwa ndani hadi kufa.

Kipimo cha kwanza si cha ajabu. Ni picha kamili ya damu, ile ambayo hospitalini huandikwa FBP. Seli nyeupe za mtu mzima kwa kawaida ni kati ya 4,000 na 11,000 katika tone moja la mikrolita. Kwa mgonjwa wa CML mara nyingi zimepita 100,000. Ikionekana hivyo, hatua inayofuata ni kutafuta BCR-ABL yenyewe kwa kipimo cha vinasaba. Mashine ya GeneXpert, ambayo wengi mnaijua kwa kupima kifua kikuu, ina katriji maalumu ya kupima BCR-ABL pia, na hilo limesaidia kusogeza kipimo hiki kwenye nchi zisizo na maabara nyingi za vinasaba.

Ugonjwa una hatua tatu. Ya kwanza ni sugu, ya utulivu, ambayo bila tiba hudumu kwa wastani wa miaka mitatu hadi mitano. Ya pili ni ya kuongeza kasi. Ya tatu ni ya mlipuko, ambapo seli changa zisizokomaa huujaza uboho, na maisha huhesabiwa kwa miezi. Lengo letu ni mgonjwa asitoke kwenye hatua ya kwanza.

Mjumbe hauawi

Mtu anaweza kuuliza: kama GRB2 ndiye anayefikisha ujumbe mbaya, kwa nini tusitengeneze dawa ya kumzima yeye? Jibu liko kwenye wale panya. GRB2 hutumika na seli za ngozi, utumbo, moyo na nyinginezo. Ukimzima mshenga, umezuia harusi zote za mji, si ile moja ya uongo. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na katika ugonjwa huu wako sahihi. Anayetafutwa ni aliyeghushi barua.

Hicho ndicho kinachofanywa na imatinib, dawa ambayo wengi waliijua kwanza kwa jina la Glivec. BCR-ABL ina kishimo ambamo huchukulia fosfeti ya kupigia muhuri. Imatinib huingia katika kishimo hicho na kukaa. Mpiga muhuri anabaki palepale, lakini hana wino. Nafasi ya 177 inakosa alama, GRB2 haina cha kushika, SOS haiji, RAS inatulia. Seli zilizokuwa zikiishi kwa agizo la uongo huanza kufa, na uboho hurudi kutengeneza damu ya kawaida.

Majaribio ya dawa hii kwa wagonjwa yalianza mwaka 1998, yakiongozwa na Dk Brian Druker wa Oregon, Marekani, na mwaka 2001 ikaidhinishwa nchini humo. Kabla yake, tegemeo lilikuwa sindano za interferoni zenye mateso mengi, au kupandikizwa uboho kwa wachache waliobahatika kumpata mchangiaji. Katika utafiti mkubwa wa wagonjwa wapya waliofuatiliwa tangu mwaka 2000, takribani watu 83 kati ya kila 100 walioanza na imatinib walikuwa hai baada ya miaka 10. Kwa saratani ya damu hayo ni mageuzi makubwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliingiza imatinib katika orodha yake ya dawa muhimu. Kupitia mpango wa msaada wa kampuni ya Novartis na taasisi ya The Max Foundation ulioanza mwaka 2002, wagonjwa wa nchi nyingi zenye kipato kidogo, zikiwamo Kenya na Tanzania, wamepata dawa hii bila kuinunua.

Kujisikia mzima si kuisha kwa ugonjwa

Sasa turudi kwenye lile swali la vidonge.

Siku mgonjwa anapogundulika, anaweza kuwa na seli za saratani zinazokaribia trilioni moja mwilini. Baada ya wiki kadhaa za imatinib, hesabu ya seli nyeupe hushuka, wengu hunywea, hamu ya kula hurudi. Hapo ndipo wengi huona wamepona. Lakini hata mgonjwa aliyefikia shabaha nzuri tunayoitaka baada ya mwaka mmoja, yaani BCR-ABL kushuka hadi asilimia 0.1 au chini yake, anaweza bado kuwa na seli zipatazo bilioni moja zenye kromosomu ya Philadelphia. FBP haiwezi kuziona. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuzihisi. Kipimo cha BCR-ABL ndicho kinachoziona.

Seli hizo bado zinatengeneza BCR-ABL. Kinachoizuia ni dawa iliyomo kwenye damu siku hiyo, na dawa hiyo haikai muda mrefu: nusu yake huondoka ndani ya takribani saa 18. Ndiyo maana humezwa kila siku. Ukiruka, kiwango chake kinashuka na vishimo vinaachwa wazi. Mpiga muhuri anapata wino. GRB2, ambayo haikufa wala haikuharibika, inaona muhuri na kufanya kazi yake kwa uaminifu kama siku zote. Kadiri seli hizo zinavyopata nafasi ya kugawanyika, ndivyo uwezekano unavyoongezeka wa kuzaliwa seli ambayo kishimo chake kimebadilika umbo na dawa haikiingii tena. Huo ndio usugu.

Kuna utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 ambao huwa nawasimulia wagonjwa wangu. Wagonjwa 87 waliokuwa wakitumia imatinib walipewa chupa zenye kifuniko chenye kifaa cha kielektroniki kilichoandika kila mara chupa ilipofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao walikuwa na uwezekano wa karibu asilimia 95 wa kufikia ile shabaha ya asilimia 0.1 ndani ya miaka sita. Waliomeza asilimia 90 au pungufu, uwezekano wao ulikuwa asilimia 28 tu. Asilimia 90 maana yake ni kukosa vidonge vitatu katika siku 30. Kwa hesabu ya nyumbani, ni safari moja ya msiba uliyosahau kubeba dawa.

Namna ya kuishi na kidonge

Dozi ya kawaida ya mtu mzima katika hatua ya kwanza ni miligramu 400 mara moja kwa siku. Imeze pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji, kwani bila chakula huchafua tumbo. Chagua saa moja usiyoisahau, kwa mfano chakula cha usiku, na uifanye iwe desturi ya nyumba. Ukisahau siku moja, usimeze mbili kesho yake kufidia.

Kwa wanaofunga Ramadhani, kidonge cha mara moja kwa siku kinaweza kuhamishiwa kwenye futari. Zungumza na daktari wako kabla mwezi haujaandama, usijipangie mwenyewe na usiache.

Maudhi yapo. Macho kuvimba asubuhi, misuli kukaza hasa miguuni usiku, kichefuchefu, kuharisha, vipele. Mengi yana tiba na mengi hupungua kwa muda. Mgonjwa anayeacha dawa kimyakimya kwa sababu ya misuli kukaza anapoteza zaidi ya yule anayekuja kusema, “Daktari, hii dawa inanitesa.” Sema. Tunaweza kupunguza makali yake, na ikishindikana zipo dawa nyingine za kundi hilo kama dasatinib na nilotinib.

Mweleze kila daktari anayekutibu kwamba unatumia imatinib. Rifampisini ya kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, hupunguza sana imatinib kwenye damu. Baadhi ya dawa za fangasi na za virusi vya Ukimwi huweza kuipandisha kupita kiasi. Juisi ya balungi nayo iepuke. Dawa za mitishamba usizichanganye bila kuuliza, kwa sababu nyingi hatujui zinaigusaje dawa hii.

Mwanamke anayetumia imatinib asishike mimba bila kupanga na daktari, kwani dawa huweza kudhuru mtoto tumboni. Atumie uzazi wa mpango wa uhakika, na asinyonyeshe akiwa kwenye dawa. Akigundua ana mimba, aje haraka, asiache dawa kwa siri wala asifiche mimba.

Kwa wazazi

Watoto hupata CML mara chache, lakini hupata, na hutibiwa kwa imatinib pia, kwa dozi inayopimwa kulingana na ukubwa wa mwili. Kwao kuna jambo moja la ziada. Imatinib haigusi BCR-ABL pekee. Huzuia pia protini nyingine chache za kupiga muhuri, baadhi zikihusika na ukuaji wa mifupa. Watoto wanaoitumia, hasa walioanza kabla ya balehe, wanaweza kurefuka polepole kuliko wenzao.

Hiyo si sababu ya kumnyima mtoto dawa. Ni sababu ya kumpima urefu na uzito kila anapokuja kliniki na kuandika. Ukiona suruali ya shule ya mwaka jana bado inamfaa vizuri mwaka huu, mwambie daktari. Na kijana aliyefika kidato cha pili au cha tatu asiachiwe chupa peke yake. Huo ndio umri wa kuchoka na dawa, kuona aibu bwenini, kutaka kuwa kama wengine. Mpange na matroni au patroni wa shule, na umweleze kijana habari ya mshenga na barua ya kughushi. Wakielewa sababu, vijana humeza vizuri zaidi kuliko wakitishwa.

Je, iko siku ya kuacha?

Kwa baadhi, ndiyo. Wagonjwa waliokaa kwenye dawa kwa miaka kadhaa, na ambao BCR-ABL yao imeshuka mno na kubaki chini kwa muda mrefu, wamejaribiwa kuacha chini ya uangalizi. Karibu nusu yao hubaki salama bila dawa. Nusu nyingine ugonjwa huonekana tena kwenye kipimo, wengi ndani ya miezi sita ya kwanza, na wengi wao hutulia tena wakirudishiwa dawa mapema. Lakini hili linawezekana tu pale kipimo cha BCR-ABL kinapofanyika mara kwa mara, kila mwezi mwanzoni, na majibu yanarudi haraka. Kuacha kwa sababu tumbo limeshuka ni jambo jingine kabisa.

Kabla ya hapo, jua namba zako kama mwenye presha anavyojua zake. Uliza BCR-ABL yako ni asilimia ngapi. Tunatarajia iwe asilimia 10 au chini baada ya miezi mitatu, asilimia 1 au chini baada ya miezi sita, na asilimia 0.1 au chini baada ya mwaka. Kama hushuki hivyo, swali la kwanza nitakalokuuliza ni la vidonge, na ninaomba jibu la kweli, kwa sababu tiba ya usugu na tiba ya kusahau hazifanani.

Kinachowaangusha wagonjwa wengi ni nauli, dawa kuisha wakiwa mkoani, mgawo wa vidonge na ndugu mwenye “ugonjwa kama wangu”, au siku ya kliniki kugongana na mavuno. Hayo yote yana namna ya kupangwa yakisemwa mapema. Hesabu vidonge vyako kila Jumapili. Vikibaki vya wiki mbili, piga simu kliniki. Ukisafiri, beba vya siku za ziada kwenye mkoba unaokaa nao, si kwenye mzigo wa buti la basi. Na ukipata homa kali, kutokwa damu, kushindwa kupumua vizuri au maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ubebe chupa ya dawa ili watakaokupokea waione.